Kaka kapona homa ya uti wa mgongo lakini miguu haisogei, ni udhaifu wa ICU au uti wenyewe umeguswa?

mdogo_mtu:

Wakuu habari za saa hizi, naomba mwenye uelewa na haya mambo anisaidie maana nyumbani tumechanganyikiwa, kila mtu anasema lake.

Kaka yangu yuko kwenye miaka arobaini hivi, mtu mwenye nguvu zake, hana sukari hana presha. Ilianza na sikio, likawa linauma na kutoa usaha, yeye akawa anameza tu dawa za maumivu, alafu ghafla homa kali, kichwa kinauma hawezi hata kuangalia mwanga, shingo imekakamaa, ilipofika jioni anaongea vitu havieleweki. Tukamkimbiza hospitali, wakamtoa maji ya mgongo yakatoka na ukungu, majibu yakaja ni homa ya uti wa mgongo ya bakteria, huyu anaitwa nyumokokasi. Akaanzishiwa antibayotiki za dripu, usiku ule ule presha ikashuka sana wakampeleka ICU akawekewa mashine ya kupumulia na dawa za usingizi.

Namshukuru Mungu ametoka kwenye mashine, akili imerudi, anatujua wote, anauliza watoto wake. Ila miguu haisogei kabisa. Mikono ina udhaifu kidogo lakini anashika kikombe mwenyewe, miguu ndo kama sio yake. Walitoa mpira wa mkojo akashindwa kukojoa, tumbo likajaa wakaurudisha. Nimeuliza wodini nikaambiwa ni udhaifu wa kulala ICU muda mrefu, itarudi taratibu. Baba mdogo yeye anasema waziwazi kwamba ni ile sindano ya mgongo ndo imemmaliza, na sasa hivi hataki achomwe tena kitu chochote mgongoni, wamebishana na daktari mpaka nikaona aibu.

Maswali yangu: hii homa inaweza kuharibu uti wa mgongo wenyewe, yaani ile kamba ya neva, kwa mtu mzima? Nimesoma sana naona wanaongelea kuziba masikio, degedege, kiharusi, ya miguu siioni. Na je niwaambie nini madaktari wanisikilize? Na atatembea?

zamu_ya_usiku:

Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa kaka kuvuka hiyo ya kwanza maana nyumokokasi ni mbaya, wengi hawafiki alipofika yeye.

Mimi ni nesi wa ICU kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kitandani. Udhaifu wa ICU upo kweli na ni wa kawaida sana kwa mtu aliyekaa kwenye mashine na maambukizi makali, sio kwamba walikudanganya. Lakini una tabia yake. Unashika viungo vyote vinne karibu sawasawa, mikono kwa miguu, mgonjwa hata shingo kuinua ni shida. Mkojo kwa kawaida hauguswi. Na huwezi kupata mstari mwilini kwamba juu ya hapa anahisi na chini ya hapa hahisi. Sasa wewe umeniambia mikono inashika kikombe, miguu imekufa kabisa, na mkojo umegoma. Hiyo picha mimi ningekuwa zamu ningemwita daktari sasa hivi nisisubiri raundi ya asubuhi.

Fanya hivi, kwa upole, kwa ruhusa yake. Chukua kitu cha baridi, hata chupa ya maji ya baridi, mguse kuanzia mguuni ukipanda juu taratibu, pajani, tumboni, kifuani, akuambie inaanzia wapi kuwa baridi kweli. Kama kuna sehemu anasema "hapa ndo nasikia", weka alama kwa kalamu. Pia afumbe macho, shika kidole gumba cha mguu pande zake mbili, kipeleke juu au chini, akuambie kimeenda wapi. Usimchome na sindano wala kitu chenye ncha. Kitovuni ni neva zinazotoka karibu na pingili ya 10 ya kifua, kwenye chuchu ni ya 4, kwa hiyo hiyo alama yako inamwambia daktari tatizo liko usawa gani hata kabla ya picha. Uliza pia kama anajua haja kubwa inapotoka, na kama mgongo unamuuma sehemu moja ukimbonyeza.

Kitu kimoja kinachowachanganya hata watu wa kazi hii ni kwamba uti ukiumia ghafla, siku za mwanzo miguu inakuwa teketeke, goti likigongwa kwa nyundo ya daktari mguu hauruki, unaona kabisa kama ni neva za pembeni au misuli. Ule ukakamavu na miguu kurukaruka vinakuja baadaye, wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu asikuambie "sio uti kwa sababu miguu imelegea".

Sentensi ya kumwambia daktari: "Miguu yote haina nguvu, mikono inafanya kazi, mkojo hautoki, na ganzi inaanzia hapa, naomba aonwe na daktari wa neva na apigwe MRI ya mgongo mzima kuanzia shingo mpaka chini, na dawa ya kung'arisha picha (contrast)." Sisitiza mgongo MZIMA. Nimeona watu wanapigwa kiuno tu kwa sababu miguu ndo haiendi, kumbe shida iko kifuani. Na haraka inatokana na jipu. Usaha ukijikusanya ukakandamiza uti, kila saa inayopita inakula nafasi yake ya kutembea, na hilo linaweza kuhitaji upasuaji.

dk_pingili:

Nesi kamaliza sehemu kubwa, naungana naye kwa kila neno kuhusu MRI. Mimi niingie kwenye ile ya sindano kwanza kwa sababu inaweza kumgharimu mgonjwa.

Kwa mtu mzima uti wa mgongo unaishia kwenye usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano ya kutoa maji inaingia kati ya pingili ya 3 na ya 4, au ya 4 na ya 5, yaani chini ya pale uti ulipoishia. Pale kuna nyuzi za neva zinazoning'inia ndani ya maji na sindano ikija zinasogea pembeni. Ndio maana sehemu ile ilichaguliwa. Akipata ganzi ya kuanzia kitovuni au kifuani, sindano haikufika huko, haiwezi. Kuna hatari moja ya kweli nisiifiche, damu inaweza kuvuja na kuganda pale, hasa kwa mwenye tatizo la damu kutoganda au anayetumia dawa za kuyeyusha damu, ikabana zile neva za chini. Ni nadra, na MRI hiyo hiyo mnayoiomba inaionyesha. Kwa hiyo mwambie baba mdogo kwa heshima zote kwamba picha itamjibu na yeye pia, na bila yale maji wasingejua ni bakteria gani wala dawa ipi inamuua.

Sasa swali lako la msingi. Ndiyo, inatokea. Ni nadra kwa watu wazima kiasi kwamba daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nayo, na ndio maana haikumjia mtu haraka kichwani, pia mgonjwa akiwa amelazwa usingizi hakuna anayejua miguu iliacha kusogea lini. Njia zake ziko kadhaa na mara nyingi zinachanganyika.

Ubongo na uti vimefunikwa na utando ule ule na vinaogelea kwenye maji yale yale. Bakteria wakijaa kichwani wanashuka mpaka kiunoni, usaha unauzunguka uti wote. Vimishipa vya damu vinavyopita ndani ya ule usaha vinavimba kuta zake, vinasinyaa, vingine vinaziba. Na uti una udhaifu wake wa maumbile, mbele unategemea mshipa mmoja mrefu unaolisha karibu theluthi mbili ya mbele ya uti, nyuma kuna miwili midogo. Ule wa mbele ukikosa damu, nguvu za misuli zinakatika na hisia za maumivu na baridi zinapotea, lakini kujua kidole kimeelekea wapi na kuhisi mtetemo vinaweza kubaki kwa sababu vinapita nyuma. Ndiyo sababu nesi kakuambia upime baridi NA kidole, vitu viwili tofauti.

Presha nayo. Umesema ilishuka sana usiku ule. Uti ambao mishipa yake tayari imebanwa, presha ikianguka kwa muda, sehemu ya katikati ya kifua inakosa damu kabla ya kwingine. Alafu kuna kuvimba kwa uti wenyewe, myelaitisi, mara nyingine bakteria wamefika moja kwa moja, mara nyingine ni kinga ya mwili iliyowashwa na maambukizi inaendelea kushambulia hata bakteria wakiwa wameshakufa. Ubongo ukivimba mno unaweza kusukumwa chini kwenye tundu la fuvu ukabana sehemu ya juu ya uti shingoni, ila huyo mikono ingekuwa imeathirika sana pia, kaka yako sidhani. Na mwisho jipu, nje ya utando au ndani yake, na mara chache kabisa ndani ya uti wenyewe.

Kwenye karatasi yote yanaitwa uti kuathirika lakini tiba zake hazifanani hata kidogo. Jipu linaweza kuhitaji daktari wa upasuaji leo. Kuvimba kunahitaji kutulizwa. Damu kukosekana kunahitaji presha itunzwe isishuke tena. Ndio maana kuambiwa "tusubiri" mimi sikubali mpaka picha iwepo.

Nyongeza ndogo, uliza kama alipewa deksamethasoni, ile steroidi ya kutuliza uvimbe, mwanzoni. Kwa watu wazima inatolewa kabla au pamoja na dozi ya kwanza ya antibayotiki, miligramu 10 kila saa 6 kwa siku 4. Utafiti wa Ulaya ulioongozwa na Waholanzi, wagonjwa 301, ulitoka 2002, vifo vilishuka kutoka asilimia 15 mpaka 7. Wa Malawi 2007 haukuona nafuu hiyo, pale wengi walikuwa na VVU na walifika wamechelewa, kwa hiyo hali ya mgonjwa inabadilisha mambo. Nakuambia ulize ili daktari wa neva ajue kilichoshatolewa, sio ili mkagombane.

msomaji_kimya:

Samahani naingilia, na ya TB je? Maana shangazi yangu aliambiwa homa ya uti wa mgongo ya TB na yeye miguu ilikuja kulegea akiwa ameshaanza dawa muda tu.

dk_pingili:

Ya TB ni ndugu wa mbali wa hii, inakuja polepole, wiki mpaka miezi, na kwa kweli uti kuguswa kwenye TB sio nadra kama huku. Ute mzito unaganda kuzunguka uti na mizizi ya neva, vinanatana, maji hayapiti vizuri. Na ndiyo, inaweza kuzuka akiwa anameza dawa vizuri kabisa, kinga ya mwili inapoamka na kupigana na mabaki. Haimaanishi dawa zimeshindwa na asiache hata siku moja. Lakini miguu kulegea akiwa kwenye dawa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo, apigwe picha. Fungua uzi wako mwenyewe tukuongezee maana hapa tutamchanganya mwenye mada.

bado_natembea:

Nimesoma nikalia kidogo ndugu mwenye mada, maana ningekuwa na mdogo kama wewe ningetulia.

Mimi nilipata ya meningokokasi, ile yenye madoa ya damu kwenye ngozi. Nilipoamka nilijua naamka kwenye mwili wa mtu mwingine, kuanzia kwenye matiti kushuka chini sikuhisi shuka. Nilikuwa na mpira kooni siwezi kusema, na kila mtu anafurahi nimeamka, nami nawaangalia nashindwa kuwaambia kwamba miguu haipo. Kwa hiyo kwanza kabisa, muulize kaka yako. Umesema anaongea. Muulize wewe, peke yenu, anahisi nini na anaogopa nini, na usimjibu haraka. Watu walikuwa wananiambia "jikaze, jaribu kusogeza, hujajaribu", na mimi nilikuwa najaribu mpaka jasho linanitoka usoni na kidole hakisogei. Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano zote.

Yangu ilikuwa uti umevimba, walinipiga MRI ya kwanza ikaonekana safi kabisa! Daktari wa neva akasema picha ya mapema inaweza isionyeshe, tunamuamini mgonjwa, akarudia baadaye ikaonekana mstari mweupe kifuani. Kwa hiyo ya kaka ikija safi na miguu bado haiendi msikubali kesi ifungwe.

Sasa haya ambayo hakuna aliyenieleza mapema. Mkojo, usiuone ni kitu kidogo. Kibofu kikijaa kupita kiasi mara kwa mara kinalegea, na mkojo ukirudi nyuma figo zinaumia. Baadaye kama mikono ni mizima anaweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mdogo kila baada ya saa 4 mpaka 6, unaingiza unatoa unatupa, na maisha yanarudi kuwa yako, unatoka nyumbani bila mfuko kiunoni. Niliuchukia ule mfuko jamani. Haja kubwa nayo inapangiwa saa yake, kila siku muda ule ule baada ya kula, mwili unajifunza.

Ngozi. Asiyehisi hageuki usingizini. Ageuzwe kila saa 2, visigino viwe hewani visiguse godoro, na kila asubuhi mtu aangalie makalio na visigino kwa macho, ukiona wekundu usiopotea ukibonyeza usimlaze upande huo. Nilipata kidonda cha kulalia na kilinichelewesha mazoezi kuliko ugonjwa wenyewe.

Na kwa walioathirika juu, kuanzia usawa wa pingili ya 6 ya kifua kupanda, kuna dharura moja kila mtu wa nyumbani anatakiwa aijue. Baada ya muda kupita na miguu kuanza kukakamaa, kibofu kikijaa au mpira ukijikunja au choo kikibana, presha inaruka ghafla, kichwa kinapasuka, uso unakuwa mwekundu na jasho juu tu. Unamketisha wima hapo hapo, unalegeza nguo, unanyoosha mpira au unatoa mkojo, na isipotulia dakika hizo unaita gari la wagonjwa. Mimi ilinikuta, dada yangu alikuwa ameshafundishwa, ndo maana naandika hapa.

Leo natembea na fimbo moja. Mguu wa kushoto unaburuta nikichoka na baridi bado siihisi vizuri, naoga napima maji kwa kiwiko. Sikuambii kwamba naye atakuwa hivi hivi, nakuambia tu kwamba inawezekana.

mdogo_mtu:

Nimerudi wakuu, asanteni sana sana, sijui nianzie wapi.

Nilipima kama nesi alivyosema. Baridi inaanzia juu kidogo ya kitovu, chini ya hapo anasema naguswa lakini baridi haipo. Kidole gumba alipatia karibu mara zote akiwa kafumba macho, hata mimi nilishtuka. Nikaenda na ile sentensi nimeiandika kwenye karatasi, daktari wa zamu alinisikiliza vizuri akampima upya mwenyewe akapiga simu. MRI ya mgongo mzima imefanyika. Jipu hamna, damu iliyoganda hamna, baba mdogo nimemuonyesha ripoti amekaa kimya alafu akaniuliza sasa tunafanyaje. Kwenye uti kuna mstari mweupe sehemu ya chini ya kifua, zaidi upande wa mbele. Daktari wa neva kasema kuna kuvimba na inaelekea damu pia haikufika vizuri, hawezi kutenganisha moja kwa moja. Wamemuanzishia steroidi za dripu dozi kubwa, antibayotiki zinaendelea.

Sasa nina hofu mbili. Steroidi si zinashusha kinga, na yeye ana bakteria? Na huo upande wa mbele ndo nini kwa kutembea?

dk_pingili:

Umefanya kazi nzuri, kupima vile ndiko kumefupisha njia.

Steroidi. Hakuna utafiti mkubwa wa kulinganisha kwa hali hii maana wagonjwa ni wachache mno, madaktari wanazitumia kwa kuazima uzoefu wa kuvimba uti kwa sababu nyingine, kwa kawaida gramu 1 kwa siku kwa siku 3 mpaka 5. Hofu yako ina msingi na ndio maana haziachwi peke yake, antibayotiki inayomuua huyo bakteria lazima iwe inaendelea na jipu liwe limeshaondolewa kwenye hesabu, ambavyo kwenu vyote vimetimia. Waulize tu kama wanapima sukari ya damu, maana inaweza kupanda hata kwa asiye na kisukari, na kama kapewa dawa ya kulinda tumbo. Anaweza kukosa usingizi au kuwa na hasira zisizo zake, mvumilieni.

Upande wa mbele inalingana na ulichopima, baridi haipo na kidole yuko sahihi. Kama ni kuvimba, kunaweza kupungua na nguvu zikarudi kwa wiki na miezi. Kama ni seli zilizokufa kwa kukosa damu, hizo hazifufuki, kinachorudi ni kile kilichokuwa pembeni kimelala tu. Kwake inaelekea vyote viwili vipo, na hakuna mtu mkweli atakayekupa asilimia leo. Ninachoangalia mimi ni mwendo wa mapema. Kidole kikitikisika, paja likikaza hata bila mguu kuinuka, ndani ya siku na wiki za mwanzo, hiyo ni dalili nzuri na ionyeshwe kwa daktari. Zikipita wiki nyingi bila hata mkazo mmoja matarajio ya kutembea yanapungua, lakini matarajio ya kuishi, kujihudumia, kurudi kazini hayafuati hesabu hiyo hiyo, usiyafunge pamoja.

Na presha yake isiachwe ishuke. Wakianza kumkalisha waanze taratibu, wapime kila hatua.

Jambo la mbeleni, miezi au hata miaka baadaye makovu ya utando yanaweza kuzuia maji yasipite na tundu la maji likajitengeneza ndani ya uti. Akishatulia alafu siku moja ganzi ianze kupanda juu kuliko ilipokuwa, au mikono ianze kudhoofika, au maumivu mapya mgongoni, arudi MRI. Andikeni kwenye daftari lake.

mikono_ya_fizio:

Naongeza ya kwangu kama fizio, fupi.

Msisubiri miguu iamke ndo mazoezi yaanze. Viungo vinyooshwe kila siku hata vikiwa vimelegea, hasa kifundo cha mguu, maana nyayo ikining'inia chini inafunga hivyo hivyo na siku nguvu zikirudi hawezi kukanyaga. Egemeza nyayo ziwe wima. Anapohamishwa asivutwe kwa mikono, bega linatenguka na ngozi ya makalio inachunika kwa msuguano, tumieni shuka mbili watu wawili.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukawa wa moto, msiukande! Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, ukikanda unaisukuma mapafuni. Mwambie daktari kwanza. Zile sindano ndogo za tumboni anazochomwa kila siku ni za kuzuia hilo, msizikatae.

Miguu ikianza kuruka yenyewe usiku msipige vigelegele bado wala msikate tamaa, ni ukakamavu unaingia, kuna dawa kama baklofeni ikimsumbua. Ukakamavu kidogo tunautumia, unamsaidia kusimama. Unaotunyima kazi ni ule unaofunga magoti.

Na ombeni apelekwe mapema kwenye kitengo cha watu walioumia uti, hata kama yeye hakupata ajali. Wodi nyingi hazijui habari za kibofu na ngozi kama wale wanavyojua.

mdogo_mtu:

Nimewaandikia wote kwenye karatasi yangu. La mwisho kisha niwaache, watoto wake walikuwa naye nyumbani wanahitaji dawa ya kinga? Na lile sikio lililoanzisha yote nani analiangalia maana naona kila mtu yuko kwenye miguu sasa.

zamu_ya_usiku:

Kwa nyumokokasi familia hawapewi dawa ya kinga, hiyo inafanyika kwa meningokokasi kama ya dada bado_natembea. Kwa hiyo watoto waacheni, ila hakikisheni chanjo zao za kawaida zimekamilika. Kaka mwenyewe akitoka aulizie chanjo ya nyumokokasi, kuugua mara moja hakumlindi na aina nyingine za huyu bakteria.

Sikio umeuliza vizuri. Daktari wa masikio aje kumuona akiwa bado wodini, pengine skani ya mfupa wa nyuma ya sikio, kwa sababu njia ile ikibaki wazi inaweza kurudia. Na uulize kama zamani alishawahi kuumia kichwa, au maji meupe yanamtoka puani akiinama, waambie.

Na hapo hapo waombe kipimo cha usikivu, masikio yote mawili, wiki hii. Anaweza kuwa anawajibu kwa kuangalia midomo yenu na hakuna aliyegundua. Baada ya homa hii kile kikonokono cha ndani ya sikio kinaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache tu, na kikishajaa kifaa cha kupandikiza cha kusikia kinakuwa kigumu kuingia. Kwa hiyo hicho kipimo wasikipangie kliniki ya mwezi ujao, waambie kabla hajahamishwa kitengo.